Una shaka na dawa ya kolesteroli, na mfuko umebana? Fanya hivi kabla hujaiacha

Mzee mmoja huja dirishani kwangu kila mwisho wa mwezi kununua vidonge kumi vya atorvastatini. Cheti chake kinasema thelathini. Kwa muda mrefu nilidhani hana pesa, nikawa nahangaika kumtafutia ya bei nafuu. Siku moja nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Hivi vile ishirini vingine unavinunua wapi?" Akanijibu kwa upole, "Marahaba binti yangu. Sivinunui popote. Nameza shingo ikinikaza tu. Nikimeza kila siku si nitaharibu ini?"

Pesa alikuwa nazo, ila hakuwahi kupata mtu wa kumweleza. Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa makamo, akaniambia ameacha dawa ileile kwa sababu inamchosha misuli. Tulipokaa pembeni tukazungumza taratibu, ikatoka kauli nyingine: ada ya mtoto ilimaliza akiba, na aliona aibu kumwambia daktari kwamba dawa imemshinda bei. Misuli haikuwa na tatizo lolote.

Mimi ni mfamasia wa dirishani, na hili naliona karibu kila siku. Hofu na bei huvaliana nguo. Aliyeishiwa husema madhara, na mwenye hofu ya madhara husema pesa. Daktari akipewa sababu ambayo siyo yenyewe, naye atatibu kitu ambacho sicho: atambadilishia dawa mtu aliyehitaji ya bei nafuu tu, pengine ampe iliyo ghali zaidi. Ndiyo maana mwongozo huu nauanzia hapo.

Nauandikia watu wazima walioandikiwa dawa za kundi la statini, zile ambazo mtaani tunaziita "dawa ya mafuta" au dawa ya lehemu. Zinazouzwa sana kwetu ni atorvastatini, rosuvastatini na simvastatini. Kwenye boksi utaliona jina bila ile "i" ya mwisho, mara nyingi kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Lizoee hilo jina dogo, kwa sababu baadaye litakuokolea pesa.

Hatua ya 1: Andika sababu yako ya kweli

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Upande mmoja andika "mwili", upande wa pili "mfuko".

Upande wa mwili andika unachokisikia au unachokiogopa: maumivu yalianza lini, kabla ya dawa au baada, yako mapaja yote mawili au goti moja, ni hofu uliyoipata kwa jirani au kwenye ujumbe wa WhatsApp. Upande wa mfuko andika bei ya kidonge kimoja, nauli ya kwenda kliniki, gharama ya vipimo, na idadi ya vidonge ulivyoruka mwezi uliopita. Andika idadi ya kweli. Hii karatasi siyo ya kumfurahisha daktari.

Watu wengi wakimaliza zoezi hili hugundua upande mmoja umejaa na mwingine una mstari mmoja tu. Ukishaujua upande wako, unaweza kuanza na hatua ya 4 kama tatizo ni mwili, au ya 6 kama ni mfuko. Ila ningekuomba upitie ya 2 kwanza.

Hatua ya 2: Uliza kwa nini umeandikiwa wewe

Kolesteroli haiumi. Haikazi shingo, haileti kizunguzungu wala haichomi kisogo. Mtu anaweza kuwa nayo nyingi miaka ishirini akalala usingizi mzuri kila siku, mpaka siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba. Kumeza statini shingo ikikaza hakuna kazi kunakofanya kwenye shingo, na ukiruka siku nyingi mafuta yanarudi palepale. Dawa hii hufanya kazi ndani ya ini, ambako ndiko sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili hutengenezwa. Inabana kimeng'enya kinachoitengeneza, na ini likikosa ya kwake linavuta zaidi kutoka kwenye damu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "kolesteroli yangu iko juu?" Uliza hivi: "Hatari yangu ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ni kiasi gani, na dawa hii inaipunguza kwa kiasi gani?"

Kuna watu ambao jibu lao halina mjadala mrefu. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi cha mshipa kuziba, au aliyewekewa stenti, kile kibomba kidogo cha kuushikilia mshipa wa moyo uwe wazi. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40. Na mwenye kolesteroli mbaya, LDL, ya 4.9 au zaidi kwa kipimo cha milimoli, hasa kama kwao kuna watu waliopata mshtuko wa moyo wakiwa vijana. Hiyo mara nyingi ni ya kurithi, haitokani na chipsi. Kama umo kwenye kundi mojawapo, dawa hii ni nguzo ya matibabu yako, na kuiacha ni uamuzi mzito.

Nje ya makundi hayo, hesabu ndiyo inayoamua. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria hatari ya miaka kumi, na kuna chati yetu sisi wa Afrika Mashariki. Unaingiza umri, jinsia, uvutaji wa sigara, presha, kisukari na kolesteroli jumla. Ipo hata chati isiyohitaji maabara, inatumia uzito na urefu. Rangi ya kijani ni hatari chini ya asilimia 5, na zinapanda mpaka nyekundu iliyokolea ya asilimia 30 na zaidi. Mwombe mhudumu akuoneshe kwa kidole uko kwenye kisanduku gani.

Rangi hiyo ina maana kubwa kwenye mfuko wako. Kolesteroli mbaya ikishuka kwa milimoli 1, mishtuko ya moyo na viharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Wachukue watu 100 wenye hatari ya asilimia 30: bila dawa 30 wataugua ndani ya miaka kumi, wakiwa na dawa ni kama 24. Wachukue 100 wengine wenye hatari ya asilimia 4: wanne wanakuwa watatu na kidogo. Kidonge ni kilekile na bei ni ileile, lakini wa kwanza ananunua kitu kikubwa kuliko wa pili. Ukiwa kwenye kijani, na ulipimwa mara moja tu kwenye kambi ya upimaji wa bure, una haki kabisa ya kuuliza kama unaweza kuanza na chakula, mazoezi na kuacha sigara, kisha upime tena. Huo siyo ubishi.

Hatua ya 3: Soma karatasi ya maabara mwenyewe

Kwanza angalia vipimo. Maabara zetu nyingine hutumia milimoli kwa lita (mmol/L), nyingine miligramu kwa desilita (mg/dL). Nimeona mtu akilia kwa sababu mwezi uliopita aliambiwa 5.2 na leo ameambiwa 201. Ni kiasi kilekile. Kwa kolesteroli, zidisha milimoli kwa 38.67 upate miligramu. Kwa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, zidisha kwa 88.57.

Kisha angalia mistari minne: kolesteroli jumla, LDL, HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri) na trigliseridi. LDL ndiyo inayojipachika kwenye kuta za mishipa, na ndiyo statini inayoishusha zaidi. Siku hizi kufunga kula kabla ya kipimo siyo lazima kwa watu wengi. Utaambiwa urudie ukiwa umefunga iwapo trigliseridi zimezidi milimoli 4.5.

Kama LDL imepanda ghafla, uliza kuhusu tezi ya shingo, figo na kisukari kisichotulia. Tezi ikiwa mvivu kolesteroli hupanda, na kuitibu tezi kunaweza kuishusha. Tena mwenye tezi mvivu akimeza statini huumwa misuli kirahisi zaidi kuliko wengine.

Hatua ya 4: Pima shaka zako, moja baada ya nyingine

*Misuli.* Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, nami siipuuzi. Statini zinaweza kuumiza misuli. Mwaka 2001 moja yao, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani kote baada ya watu kufa kwa misuli kuyeyuka. Hofu ya watu haikutoka hewani.

Lakini sikiliza na upande huu. Mwaka 2022 watafiti walikusanya takwimu za majaribio 19, watu karibu 124,000, nusu wakipewa statini na nusu kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, bila wao kujua kipi ni kipi. Waliolalamika maumivu ya misuli walikuwa asilimia 27.1 kwenye statini na asilimia 26.6 kwenye kidonge kitupu. Tofauti ipo, ila ni ndogo, na zaidi hutokea mwaka wa kwanza. Watu wazima huumwa misuli, basi. Wanabeba ndoo, wanapanda bodaboda barabara mbovu, wanazeeka.

Kuna jaribio jingine dogo la Uingereza, lililochapishwa 2020, ambalo huwa nawasimulia wateja. Watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa chupa 12 za mwaka mzima: nne za atorvastatini, nne za kidonge kitupu, nne hazina kitu. Kila siku waliandika ukali wa dalili zao, kutoka 0 (hakuna) hadi 100 (kali mno). Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa 8. Miezi ya kidonge kitupu, 15.4. Miezi ya statini, 16.3. Maumivu yalikuwa ya kweli, hawakudanganya, ila karibu yote yaliletwa na kule kumeza kidonge wanachokiogopa. Walipooneshwa matokeo yao wenyewe, nusu walirudi kwenye dawa.

Sikwambii kwamba maumivu yako ni ya kichwani. Ninachokwambia ni kwamba kuna njia ya kujua, na iko hatua ya 5.

Dalili zisizosubiri ni hizi: misuli kuuma sana na kuishiwa nguvu, mkojo kuwa na rangi ya soda ya kola au chai ya rangi, macho kuwa ya njano. Hapo acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

*Dawa zinazogongana.* Madhara mengi mabaya niliyowahi kuona yalitokana na mchanganyiko. Antibayotiki za klarithromisini na erithromisini, na dawa za fangasi za itrakonazo na ketokonazo, hupandisha kiwango cha simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Amlodipini, dawa ya presha ambayo kila nyumba inaijua, ikitumiwa pamoja na simvastatini, simvastatini isizidi miligramu 20. Anayetumia ARV zenye ritonavir asiguse simvastatini kabisa. Amwambie daktari wa CTC, kliniki ya wenye VVU, ampangie nyingine. Anayetumia dolutegravir hana tatizo hilo. Na balungi kwa wingi halifai kwa simvastatini wala atorvastatini, ingawa machungwa ya kawaida hayana neno.

Fanya jambo moja rahisi: tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba, uje nazo dirishani. Kuangalia huko hakulipiwi.

*Ini.* Vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda kidogo mwanzoni, mara nyingi bila madhara. Ini kuharibika kweli ni nadra sana, kiasi kwamba mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliacha kupendekeza kupima ini mara kwa mara kwa kila anayetumia. Inatosha kupima kabla ya kuanza, kisha dalili zikitokea.

*Kisukari.* Ni kweli, statini huongeza uwezekano huo kidogo. Uchambuzi wa 2010 ulikadiria mtu mmoja wa ziada kwa kila watu 255 wanaotumia kwa miaka minne, na mara nyingi ni yule ambaye sukari yake ilikuwa tayari inachungulia mstari. Mwenye hatari kubwa ya moyo bado anafaidika zaidi kuliko anavyopoteza. Apime sukari, basi.

*"Ukianza huachi."* Dawa hii haina uraibu. Ukiiacha mwili hautetemeki. Kinachotokea ni kwamba kolesteroli inarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache, sawa na presha inavyorudi ukiacha dawa ya presha.

*"Ni biashara ya wakubwa."* Biashara ilikuwepo, tena kubwa. Lakini dawa yenyewe ilianzia kwa mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliyechunguza maelfu ya kuvu miaka ya 1970 mpaka akapata kimoja kinachobana kolesteroli. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 jaribio la nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo lilionesha kwamba kwa muda wa miaka mitano na zaidi, walikufa 12 katika kila 100 wasiopewa simvastatini, na 8 katika kila 100 waliopewa. Atorvastatini ya Lipitor ilipoteza hakimiliki yake Marekani mwaka 2011, na leo inatengenezwa na viwanda vingi, ndiyo maana unaweza kuipata kwa bei ndogo. Faida nono sasa imehamia kwenye dawa mpya za sindano.

*Mitishamba.* Kitunguu saumu ni chakula kizuri na kinaweza kushusha kolesteroli kidogo, lakini hakifiki nguvu ya kidonge. Mlonge, majani ya mstafeli na chai za "kusafisha mishipa" sina ushahidi wa kukupa kwamba vinazuia kiharusi. Na kuna kitu kimoja cha kuogopa: vidonge vya "mchele mwekundu" vinavyouzwa kama tiba asili vina kemikali ileile ya lovastatini, yaani statini, ila bila kipimo kinachojulikana. Mtu anaikimbia statini ya shilingi chache na kuinunua tena kwa mara kumi ya bei.

Mjamzito, anayepanga kushika mimba na anayenyonyesha wasiendelee na statini kabla ya kuzungumza na daktari.

Hatua ya 5: Ukiwa na maumivu, fanya jaribio lako mwenyewe, kwa ruhusa

Mwombe daktari ukae bila dawa wiki mbili hadi nne. Andika maumivu yako kila jioni, kutoka 0 hadi 10. Kisha rudi kwenye dawa, uendelee kuandika wiki nne. Yakiisha ulipoacha na kurudi uliporudi, una hoja ya nguvu, na daktari atakupunguzia dozi au kukubadilishia aina. Wengi wanaoshindwa moja huiweza nyingine. Rosuvastatini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo wapo wanaopangiwa kuimeza siku moja na kuruka moja.

Yakiendelea hata bila dawa, mtafute mchawi kwingine: tezi, magoti, kazi yako.

Jaribio hili asilifanye peke yake mtu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, au mwenye stenti mpya. Huyo aongee na daktari wake wa moyo kwanza.

Hatua ya 6: Sasa mfuko

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoumia kimyakimya.

Anza na hesabu ya mwaka, usihesabu boksi. Tuseme, kwa mfano tu, unauziwa kidonge shilingi 1,000. Kwa mwaka ni 365,000. Ukipata cha shilingi 300, mwaka ni 109,500. Tofauti hiyo ni pango la miezi kadhaa kwa familia nyingi ninazozijua.

Omba dawa kwa jina dogo. Ukitaja jina la biashara, utapewa ya jina hilo na utalilipia. Sema, "Naomba atorvastatini 20, ya bei nafuu iliyosajiliwa." Hapa Tanzania dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, imepitiwa, iwe ya Ulaya, India au ya viwanda vya hapa Afrika Mashariki. Nunua ikiwa kwenye pakiti yake yenye tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo, usinunue vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha. Na uliza famasi tatu. Bei hutofautiana mno kati ya mtaa na mtaa, nami sioni aibu kulisema hilo ingawa nauza dawa.

Uliza kuhusu dozi. Jambo hili wateja wengi hawalijui: ukizidisha dozi ya statini mara mbili, LDL inashuka kwa takriban asilimia 6 tu zaidi. Miligramu 10 za atorvastatini hushusha LDL kwa karibu asilimia 37, na 20 kwa karibu 43. Sehemu kubwa ya faida iko kwenye dozi ya mwanzo. Kama bei ya dozi kubwa inakushinda na ulikuwa uiache kabisa, mwambie daktari hivyo. Dozi ndogo unayoimeza kila siku inakulinda kuliko dozi kubwa iliyobaki dukani.

Uliza kama kinaweza kukatwa. Mara nyingi kidonge cha 40 hakiuzwi mara mbili ya cha 20. Kama kina mstari katikati, na daktari ameandika 20, unaweza kununua cha 40 na kukigawa kwa kikatio cha vidonge. Usikate vya kapsuli, wala vya mchanganyiko wa dawa mbili bila kuuliza.

Futa gharama zisizo na kazi. Kipimo cha mafuta kinatosha wiki 6 hadi 12 baada ya kuanza au kubadili dozi, kisha mara moja kwa mwaka kama mambo yametulia. Anayekupima kila mwezi anakumalizia hela ya vidonge. Mafuta ya samaki ya kopo, virutubisho vya "moyo imara" na vitamini ulizouziwa pamoja, ziweke pembeni kwanza.

Kama hela haitoshi dawa zote, usichague mwenyewe ipi ya kuacha. Mwambie mhudumu, "Nina shilingi kadhaa kwa mwezi, nipangie zilizo muhimu zaidi." Ni sentensi ngumu kuitamka, najua. Lakini mhudumu mwenye utu huichukulia kama taarifa ya kitabibu, sawa na presha yako. Ukikutana na anayekudharau, omba mwingine.

Tumia kituo cha umma na bima yako ipasavyo. Orodha ya Taifa ya dawa muhimu hupanga dawa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na kuendelea. Unaweza kuikosa statini zahanati na kuipata wilayani, hivyo uliza ngazi yake kabla ya kuondoka mikono mitupu. Mwenye kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ahakikishe daktari ameandika jina lililomo kwenye kitita na siyo jina la biashara, na dawa ikikosekana dirishani aombe fomu ya kuichukulia famasi iliyoingia mkataba na Mfuko. Watu hulipa taslimu kwa kutojua tu.

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu kwenye vituo vya umma. Aanzie ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji kupata utambulisho, kisha amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo afisa ndiye pia wa kumwona mtu yeyote aliyekwama na bili. Mlango wake hauna foleni ndefu kwa sababu wengi hawajui upo.

Ndugu zetu wa Kenya, tangu Oktoba 2024 NHIF ya kwenu imepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Hakikisha umejisajili na michango iko hai kabla ya siku ya kliniki. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara.

Na usigawane vidonge na mume au dada. Nimeona nyumba wanagawana pakiti moja, kila mmoja siku yake. Mapenzi ni makubwa, lakini wote wawili wanabaki bila kinga.

Hatua ya 7: Jikoni, kwa kifupi

Siyo lazima ununue vyakula vya dukani vyenye maandishi ya moyo. Maharage, dona, mchicha, dagaa, karanga kiasi, parachichi. Punguza mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, ngozi ya kuku, mafuta ya nyama, na, samahanini wenzangu wa pwani, tui zito la nazi kila siku. Mafuta yake hupandisha LDL. Tui liwe la Ijumaa. Chakula hakitafuta sababu ya dawa kwa mwenye hatari kubwa, ila kinaweza kufanya dozi ndogo itoshe.

Hatua ya 8: Siku ya kliniki

Beba ile karatasi ya hatua ya 1, mfuko wa dawa zote, na majibu ya maabara ya zamani. Kama wewe ni msahaulifu wa maswali, nenda na mwanao au mwenzi wako. Sema lililo la kweli tangu mwanzo: "Daktari, mwezi uliopita nilimeza siku kumi tu, na sababu ni hii." Kisha uliza manne: hatari yangu ni asilimia ngapi, dozi ndogo kabisa inayonifaa ni ipi, imo kwenye bima yangu, na nirudi kupima lini.

Usitoke bila tarehe ya kipimo kijacho kuandikwa kwenye kadi. Simvastatini meza usiku. Atorvastatini na rosuvastatini meza saa yoyote, mradi iwe ileile. Ukisahau siku moja, endelea kesho na kidonge kimoja, usifidie kwa viwili.

Yule mzee wangu siku hizi anameza baada ya swala ya isha. Daktari wake amempunguzia hadi miligramu 10 na anapima mwezi ujao. Shingo bado humkaza, nikamwambia aukague mto anaolalia.